Bomba linabonyea nikikunja, ninunue mashine gani?

SWALI: Fundi habari, natengeneza kigari cha kuchezea mchangani hapa nyumbani, fremu ni bomba la milimita 38, nimejaribu ile mashine ya jeki ya haidroliki inayosukuma katikati lakini kila kona inabonyea kama kopo lililokanyagwa. Shida ni jeki au mkono wangu?

JIBU: Mkono wako hauna shida ndugu yangu. Hizo kalibu za jeki, yani vile vyuma vyenye mfereji ambamo bomba linakaa likikunjwa, zimechongwa kwa mabomba ya maji, na bomba la maji la inchi 1 kwa nje lina kama milimita 33.4, la inchi moja na robo lina 42.2, sasa hilo lako la 38 linakaa wapi? Linacheza ndani ya mfereji halafu linakandamizwa pale katikati, lazima libonyee tu.

Tafuta mashine ya kuzungusha, ile ambayo bomba linabanwa kwenye kalibu ya duara na kuvutwa kulizunguka huku kipande kingine kikilishikilia kwa nje. Ya mkono inatosha kabisa kwa kazi ya nyumbani, ila ifunge kwa bolti kwenye sakafu ya zege, mkono wake ni mrefu na unavuta kwelikweli. Hela weka kwenye kalibu, iwe ya 38 hasa, na nusu kipenyo ya kona isipungue mara 3 ya bomba, yani kama milimita 114. Ule mshono wa bomba uweke ubavuni, na kunja uzidishe digrii kadhaa maana chuma hurudi kidogo ukiachia.