Ng'ombe aliyenona anakataa pumba baada ya kuzaa

SWALI: Ng'ombe wangu alizaa ndama wake wa tatu siku 12 zilizopita. Alikuwa amechelewa kushika mimba, maziwa yakaisha mapema, akakaa mkavu karibu miezi 4, na siku ya kuzaa alikuwa amenona kiasi kwamba kila aliyeingia bandani alimsifu. Sasa anakonda upesi, maziwa yamepungua, anaacha pumba na kula nyasi kavu tu, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Je, nimwongezee pumba? Ninaye pia mwenzake, mnene vilevile, atakayezaa baada ya wiki 6. Huyo nimpunguzie chakula?

JIBU: Dalili ulizozieleza, hasa hiyo ya kuacha pumba huku akiendelea kula nyasi, zinaelekea kwenye ketosisi, yaani ugonjwa wa kuyeyusha mafuta ya mwili kupita kiasi, na unono ule uliosifiwa una mchango mkubwa. Kila ng'ombe hupungukiwa na hamu ya kula katika siku za mwisho za mimba, na akishazaa maziwa hupanda upesi kuliko hamu hiyo inavyorudi, hivyo hulazimika kuyeyusha mafuta ya mwili wake ili kuziba pengo. Aliyenona sana hula kidogo zaidi ya wenzake, naye ana mafuta mengi ya kuyeyusha, kwa hiyo ini huelemewa: sehemu ya mafuta hayo hubaki ndani ya ini lenyewe, na sehemu hugeuka kuwa ketoni, ambazo ndizo unazozinusa. Si kila pua huipata harufu hiyo. Kipimo cha damu ndicho cha kutegemewa, na kuanzia milimoli 1.2 za ketoni kwa lita ya damu ng'ombe huhesabiwa kuwa na ketosisi hata kama kwa macho anaonekana mzima.

Usimlazimishe pumba, kwa maana tumbo lisilozoea wanga mwingi huzalisha asidi, ukajikuta na magonjwa mawili. Mwite daktari wa mifugo mapema. Kwa kawaida ng'ombe wa namna hii hunyweshwa propilini glaikoli, kimiminika ambacho ini hukigeuza kuwa sukari, mililita 300 mara moja kwa siku kwa siku 3 hadi 5, polepole na bila kumwinua kichwa juu sana, dawa isije ikaingia mapafuni. Daktari atazame pia kama kizazi kimeoza au tumbo la nne limehama mahali pake, kwa sababu ng'ombe anayeacha kula kwa maradhi hayo hupata ketosisi juu yake, na kutibu ketosisi peke yake hakutamsaidia.

Huyo wa pili usimkondeshe. Kumnyima chakula katika wiki hizi ni kuyaanzisha mayeyuko ya mafuta kabla hata ndama hajazaliwa. Mpe nyasi kavu ngumu ashibe, punguza nafaka, kisha wiki 3 kabla ya kuzaa umzoeshe pumba kidogo kidogo. Unono ulipaswa kudhibitiwa katika miezi ya mwisho ya kukamuliwa, maziwa yalipopungua na pumba ikabaki ileile. Kosa hili nimeliona hata kwa wafugaji hodari.

Hali ya mwili ipime kwa mkono, maana manyoya hudanganya macho. Katika mizani ya alama 1 (amekonda mno) hadi 5 (amenona mno), ng'ombe azae akiwa na 3 hadi 3.5. Weka kiganja kiunoni, nyuma ya ubavu wa mwisho: kwenye 3, ncha za mifupa mifupi utazihisi ukibonyeza kidogo, na pande za shina la mkia pana vishimo vya wastani. Ukilazimika kubonyeza kwa nguvu, na vishimo vimejaa mafuta laini, amefika 4. Andika alama siku ya kumkausha, siku ya kuzaa na mwezi mmoja baadaye. Akishuka kwa zaidi ya nusu alama baada ya kuzaa, mpime ketoni. Akishuka alama nzima, tarajia pia achelewe kurudi kwenye joto na kushika mimba, jambo ambalo ndilo lililomnonesha huyu wa kwanza.