Umepigwa, hujateleza: mwambie nesi hivyo hivyo

Mleta mada, una mimba ya miezi 6, jana umepigwa teke la tumbo, matone ya damu yameshaonekana, halafu mama mkwe anakufundisha useme umeteleza bafuni? Inuka uende hospitali sasa hivi. Haya mengine utayasomea kwenye foleni.

Mimi nilipopigwa nikiwa na mimba nilisema hivyo hivyo. Na choo chetu kilikuwa cha shimo, sakafu ya udongo, sijui hilo bafu nililitoa wapi, lakini nilikaza macho. Nesi akapima presha, akaona damu ni kidogo, nikapewa dawa ya maumivu nikarudi kupika ugali wa mwenye mguu.

Teke la tumboni linaweza kubandua kondo la nyuma, damu ikajikusanya ndani, wewe nje unaona doa tu kwenye kanga. Ukisema ukweli hawakuachii haraka: wanasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa saa 4 hadi 6 kwa uchache, wanakupima damu, upasuaji ukihitajika uko karibu. Mimi usiku tumbo lilikaza kama ubao, haliachii, na gari la kukodi halipatikani. Mtoto hakulia. Siendelei hapo.

Halafu kundi la damu! Mimi ni O hasi, imeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Mwenye rhesus hasi, yaani kundi lolote la damu lililoandikwa "hasi", akipigwa tumboni anatakiwa kuchomwa sindano ya Anti-D ndani ya saa 72, la sivyo mwili unaweza kutengeneza kinga ya kushambulia mtoto wa mimba ijayo. Nani angenichoma, na mimi niliteleza bafuni?

Mama mkwe wangu alisema mume ana haki ya kumrudi mkewe na nisivue nguo nyumba ya watu. Haki gani? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Na wale mashangazi wa kitchen party walinifunda kutandika shuka na kuvumilia mpaka kope zikauma, kondo la nyuma hawakuligusa. Labda halikuwa kwenye ratiba.

Mtu akikutisha kwamba bila PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hutibiwi, kaa hapo hapo mapokezi. Unatoka damu, unatibiwa kwanza; ndugu aende Dawati la Jinsia pale polisi kufuatilia fomu.

Mumeo aking'ang'ania kukusindikiza na kukujibia maswali, omba kwenda kutoa mkojo wa kupima. Huko msalani mwambie nesi: "Nimepigwa teke tumboni, na aliyenipiga ndiye yule pale kwenye benchi."