Liyongo hakuponzwa na sindano

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni tukio gani huiwasha hadithi, na je, ni lazima liwe kubwa? Nitajibu kwa kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili wa pwani. Ukiuliza mkasa wake ulianzia wapi, wengi watakutajia ile sindano ya shaba aliyodungwa kitovuni na mwanawe. Wengine watataja kifungo, na mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake, ya kukatia minyororo. Kwangu mimi yote hayo ni matokeo. Moto ulishawaka kitambo.

Fuateni utenzi alioandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Wagala (Waoromo) wamefika Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, na katika mazungumzo sultani anawasimulia habari za Liyongo. Wageni wanataka kumwona kwa macho yao, basi anaitwa. Anafika na mkoba wake, anapuliza panda mpaka mji mzima unataharuki. Kisha anautua mkoba na kuanza kutoa vilivyomo: kinu na mchi wake, mawe ya kusagia, vyungu, hata mafiga. Jiko zima limo begani mwa mtu mmoja! Wagala wanapigwa na butwaa. Wanaomba wapatiwe mbegu ya mtu huyu, yaani aoe kwao. Anaoa, na mtoto wa kiume anazaliwa.

Hadi hapo hakuna aliyemkosea mwenzake. Hakuna tusi wala damu. Kuna ugeni, sifa na harusi. Ila sultani, ambaye ndiye aliyeanza kumtaja Liyongo (na naona alitaka kujigamba kidogo), sasa ameona macho ya wageni yakimhama. Halafu lile ombi la mbegu ni zito kuliko sifa zenyewe, maana shujaa amepata wakwe wenye nguvu zao na mrithi juu. Sultani anaanza kuuhofia ufalme wake. Kifungo, tupa na sindano vinatoka humo.

Ndiyo maana ukubwa wa tukio haunishughulishi. Nauliza tu kama kuna mtu ambaye, baada yake, hawezi tena kuishi alivyoishi jana. Tazameni Surat Yusuf. Sote tunaikumbuka ndoto ya nyota kumi na moja, lakini sikilizeni wanachonung'unikia wale ndugu: kwamba Yusuf na nduguye wanapendwa zaidi na baba yao. Mapenzi ya mzazi, jambo la kila nyumba, ndiyo yanayompeleka kijana kisimani. Waandishi wetu wa sasa wanaofungua kila hadithi kwa ajali au maiti wangeitafakari sura hiyo, kwani maiti wa ukurasa wa kwanza mara nyingi hamnyimi usingizi mhusika yeyote.

Najua atatokea wa kunipinga, aseme sultani alikuwa na kijicho tangu zamani, Wagala wamesingiziwa tu. Huenda alikuwa nacho. Lakini kijicho cha moyoni mtu huweza kuzeeka nacho, akimsalimia hasimu wake kila Ijumaa bila lolote kutokea. Ombi la Wagala lilimnyima sultani nafasi hiyo: alipaswa kuamua kabla mtoto hajakua.