Bangladesh si biriani tu

Dada, umeuliza kama chakula cha Bangladesh ni kile kile cha India. Hapana, na hata ndani ya Bangladesh kwenyewe kila upande una chungu chake.

Dhaka ya zamani, yaani mitaa mikongwe ya mji mkuu, wanajivunia biriani iitwayo kacchi: nyama ya mbuzi mbichi iliyolowekwa kwenye mtindi na viungo inatandikwa chini, wali ulioiva nusu unawekwa juu, kisha mfuniko unazibwa kwa unga uliokandwa. Ukizoea biriani ya pwani yetu, ambayo wali na mchuzi hupikwa mbali mbali, utashangaa. Chittagong wao ni nyama ya ng'ombe. Wana karamu iitwayo mezban, watu wanaalikwa kwa mamia, na nyama yake ina pilipili kweli kweli. Sylhet wanatia shatkora, tunda la jamii ya ndimu lenye ganda nene, ndani ya mchuzi wa nyama. Lina uchungu kidogo, lakini ndio utamu wenyewe. Khulna wanatumia vipande vya shina la chui jhal, mmea wa ukoo wa pilipili manga.

Samaki wa taifa ni ilish, mtamu akipikwa kwa haradali, ila miba yake usiseme! Kula polepole.

Ukitaka kuanza nyumbani, jaribu bhorta: ponda viazi vilivyochemshwa na kitunguu kibichi, pilipili kavu ya kukaanga, chumvi na mafuta ya haradali. Kula na wali mweupe.