Breka Iliyokaa Kimya: Nasa Ufunguzi wa Kwanza

Nyinyi mnaoanza kazi katika vituo vya umeme vya Mombasa na viunga vyake, iwe ni Rabai au Kipevu, mtakabidhiwa breka za kilovolti 132, yaani swichi kubwa za kukata umeme panapotokea hitilafu, ambazo huenda zimepitisha mkondo mwaka mzima bila kufunguka hata mara moja. Siku ya hitilafu, kontakti za breka hiyo zinatarajiwa kuachana milisekunde 30 au 40 hivi baada ya koili, yaani sumaku-umeme inayoanzisha ufunguzi, kupata amri, na mkondo uzimwe ndani ya mizunguko michache ya umeme wetu wa hezi 50, ambao kila mzunguko wake ni milisekunde 20.

Ninalowaomba mlishike kabla ya yote ni kwamba ufunguzi wa kwanza, baada ya breka kukaa muda mrefu, haurudiwi. Niliwahi kuwa katika kikosi kilichopima breka moja iliyosimama karibu na bahari. Kwa mazoea tuliifungua na kuifunga mara tatu ili kuilegeza, ndipo tukaunganisha kifaa cha kupimia muda. Vipimo vikatoka vizuri, tukatia saini. Miezi michache baadaye laini ilipata hitilafu, breka ikachelewa, ulinzi wa akiba ukafungua breka zote za basibaa ile, yaani upau mkuu unaogawa umeme kwa laini kadhaa, na wateja wasiohusika na laini hiyo wakakaa gizani. Grisi ya lachi, yaani komeo linaloizuia breka isifunguke hadi amri itoke, ilikuwa imekauka. Kwa kuichezesha, tulikuwa tumeifuta kwa mikono yetu dalili ileile tuliyokwenda kuitafuta. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo, laini inapokaribia kuzimwa kwa matengenezo, fungeni klampu ya kupimia mkondo kwenye waya wa koili ya kufungulia mapema, kifaa kikiwa tayari kurekodi kabla chumba cha udhibiti hakijatoa amri. Mchoro wa mkondo wa koili ni mfupi lakini una mengi: mkondo hupanda, hushuka kidogo pale kiini cha koili kinapojongea na kugonga lachi, hupanda tena, kisha hukatwa na kontakti saidizi, swichi ndogo inayofuata mwendo wa breka, breka inapofunguka. Bonde la katikati likichelewa, shukuni koili yenyewe, kiini kinachokwama, au volti ndogo ya betri za kituo. Bonde likija kwa wakati wake lakini mkato wa mwisho ukachelewa, tatizo limo kwenye lachi au mtambo mkuu. Kisha rudieni ufunguzi mara ya pili na kulinganisha. Tofauti kubwa kati ya mara ya kwanza na ya pili ni ushahidi wa ulainishaji mbovu, hata kama namba ya pili imo ndani ya kiwango cha mtengenezaji.

Gesi ya SF6, inayozima cheche ndani ya breka, ipimeni kwa msongamano, si kwa presha peke yake, kwa kuwa jua la adhuhuri hupandisha presha na kuficha uvujaji mdogo. Uvujaji huo msiupuuze: kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi.

Mwisho, fungueni kabati la mtambo na mguse hita kwa tahadhari. Katika hewa yetu ya chumvi na unyevunyevu, hita iliyokufa huleta umande usiku, umande huleta kutu kwenye kiini cha koili, na mtaiona kutu hiyo kwenye bonde la mchoro kabla hamjaiona kwa macho.