Barua kwa mwanangu aliye Minneapolis

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mchungaji wenu anataka uongoze kikundi kitakachokwenda kila Jumamosi Cedar-Riverside, kwenye yale maghorofa wanakoishi Wasomali, kugawa Injili za Kisomali na kualika watu kanisani. Amekuchagua wewe kwa kuwa ulikulia Eastleigh, hapa Nairobi, kati ya Wasomali. Unaniuliza ukubali au ukatae.

Kabla ya hilo, niambie: kwenye maghorofa hayo umeshakunywa chai kwa nani? Unajua msimamo wangu, nimeusema tangu mkiwa wadogo. Asiyekubali kupokea kwa mtu hana la kumpa.

Ulipotaja trakti, hivyo vijitabu vya kuhubiri, nilimkumbuka Habaryar wa ghorofa ya chini. Mlimwita Habaryar, yaani mama mdogo kwa Kisomali, kwa sababu watoto wa dada yake walimwita hivyo, na asubuhi ngapi mlikula anjera kwake huku uji wangu ukipoa mezani! Lakini sijui kama unakumbuka wale vijana waliotoka ng'ambo kuja kulisaidia kanisa. Walikuwa watoto wazuri, wenye kuomba kwa machozi. Siku moja walisimama kwenye ngazi zetu na mfuko wa peremende, na kila mtoto aliyepita akapewa peremende na trakti ya Kisomali yenye picha. Mimi nilikuwa sokoni.

Jioni Habaryar akapanda kwetu. Hakupiga kelele. Aliweka trakti na peremende zote juu ya meza, moja moja, zile za wanawe na za watoto wa dada yake. Akasema, "Mama, mimi niko hapa chini kila siku. Kama kuna neno, kwa nini hawakubisha kwangu? Kwa nini wanaanza na watoto?" Hadi leo sijapata jibu la swali hilo, na hadi leo linaniuma. Wale vijana waliondoka na picha zao, wakaandika kwao kwamba mbegu imepandwa. Sisi tuliobaki tuliishi na mlango wa chini uliofungwa. Wewe ulikuwa ukiuliza kwa nini hamchezi tena pamoja, nami nikakuambia ukamalize homuweki.

Kisha shosho yenu akafariki. Jioni ya kwanza ya maombi, nyumba imejaa akina mama wa kanisa, nikamwona Habaryar mlangoni na thermosi mbili kubwa za chai ya tangawizi. Akaketi kwenye mkeka karibu nami. Akarudi kesho yake na siku zilizofuata mpaka mazishi. Alisikia mahubiri yote na nyimbo zote. Usiku mmoja watu walipokwisha kuondoka, akaniuliza, "Mnaimbaje hivi, na mama yenu amelala mochari?" Hapo ndipo nilipomweleza habari za ufufuo, jinsi ninavyoamini mimi, bila kumficha kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Akanieleza naye wanavyoamini wao kuhusu siku ya hukumu. Tukaosha vikombe. Sijawahi kushuhudia kwa furaha kama usiku ule, na chai ilikuwa yake.

Petro anatuambia tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, tena kwa upole na kwa hofu. Atuulizaye! Mimi naona tunaharakisha kujibu.

Lakini najua utakavyonijibu, maana nami hujijibu hivyo. Bwana alisema enendeni, hakusema ngojeni muulizwe. Na ni kweli. Krapf, yule mmisionari, angengoja kuulizwa, asingetoka kwao. Alimzika mkewe na mtoto wao mchanga Mombasa mwaka 1844, na bado akabaki, na mwaka 1846 kituo cha misheni cha Rabai kikaanza. Shosho yako aliipokea imani kwa watu wa namna hiyo. Siwezi kula matunda nikamlaumu aliyepanda.

Halafu nawakumbuka Wamennonite, wamisionari wa dhehebu lile la Kikristo, ambao kituo chao kipo Eastleigh na ndipo nilipofundisha Kiingereza jioni. Wao walifika Somalia mwaka 1953. Mwaka 1962 mmoja wao, Merlin Grove, alichomwa kisu akafa Mogadishu, akiandikisha watu wazima waliotaka kujifunza Kiingereza. Mkewe naye alijeruhiwa. Wenzao hawakufunga virago. Waliendelea na shule zao. Baadaye wakaja kwetu Eastleigh na vitabu, madarasa, na uwanja ule wa mpira wa kikapu uliomalizia viatu vya kaka yako. Hao waliokwenda walijua kukaa. Labda kinachonisumbua ni hizo Jumamosi zenu tu, kwamba mnafika na kuondoka.

Na mambo ya 2012 unayajua. Guruneti lilipomuua mtoto akiwa Sunday school pale St Polycarp, Juja Road, na vijana wakawalaumu Wasomali wakaanza kurushia nyumba zao mawe, baba yako alisimama getini na mlinzi mpaka usiku, na Habaryar na wanawe walilala sebuleni kwetu. Hakuna aliyehubiri. Je, tulipaswa kuhubiri? Siku nyingine nafikiri ndiyo. Mara nyingi nafikiri hapana.

Sasa unataka niseme ukubali au ukatae. Ulimi unaniwasha, lakini wewe ni mtu mzima na mchungaji ni wako. Ninachokuomba ni hiki: kabla ya kumjibu, nenda pale peke yako, mikono mitupu. Wengi wao wamepitia kambi ya wakimbizi ya Dadaab au Eastleigh, Kiswahili wanakijua. Salimia, mwambie mama yeyote muuza chai kwamba umetoka Section Three ya Eastleigh, uone kama hutaketishwa. Ukipewa chakula, kula. Na mchungaji umwambie hili la watoto waziwazi: mtoto asipewe kitu mzazi asipokuwepo. Akikataa hilo, basi hapo nina neno, na utalisikia.

Baba yako anasema ukubali. Mimi sijasema hivyo, wala sijasema ukatae. Mpigie umsikie mwenyewe, lakini baada ya saa tatu usiku, Jumatano hii ana kikao cha wazee wa kanisa.

Mama yako