Bastola ya kwanza: maswali yenu, majibu yetu

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu waliokwisha kupata kibali, bastola wanayo, lakini mafunzo waliyopata ni ya haraka haraka. Tumechagua zile zenye maswali yanayojirudia. Masharti ya leseni, idadi ya risasi unazoruhusiwa na namna ya kubeba hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo hayo ulizia kwenye mamlaka iliyokupa kibali. Hapa tunazungumzia silaha yenyewe.

Nimenunua bastola ya magazini, milimita 9. Muuzaji alinionyesha jinsi ya kutoa risasi, ila kinachoanza ni magazini au ni kukoki? Nimesahau.

Magazini kwanza, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya kishikio. Usibadilishe mpangilio huu hata siku moja, na sababu yake ni hii: ukivuta slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma unapokoki) magazini ikiwa bado ndani, risasi iliyokuwa kwenye chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa) itaruka nje, lakini slaidi ikirudi mbele inasukuma nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba. Halafu unachomoa magazini, unaona tundu la kishikio liko tupu, unaamini umemaliza. Umebaki na risasi moja ndani. Bastola nyingi hufyatuka vizuri tu bila magazini, na ajali nyingi za "nilijua haina risasi" huanzia hapo hapo.

Fanya hivi. Elekeza mdomo wa mtutu kwenye kitu kinachoweza kuzuia risasi. Ukuta wa matofali membamba au mbao haumo, kwa sababu risasi ya milimita 9 hupita na kumkuta aliye chumba cha pili. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa mchanga mkavu inafaa na haina gharama. Kidole cha shahada kinyooke juu ya fremu, mbali na triga. Bonyeza kitufe cha magazini, ichomoe, iweke kando. Kama bastola yako ina sefti (kizuizi cha usalama) inayofunga slaidi, iondoe sasa. Vuta slaidi mpaka mwisho kwa nguvu, risasi iruke ianguke chini. Usiizibe kwa kiganja ili kuidaka: ikikwama kati ya slaidi na kile kichuma kinachoitupa nje, inaweza kulipuka mkononi. Rudia kuvuta mara mbili, tatu, kisha ifunge slaidi nyuma.

Sasa angalia. Tazama ndani ya chemba penye mwanga, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uguse tundu lake. Kidole hicho si mbwembwe. Ndoano inayovuta ganda ikivunjika au ikijaa uchafu, unaweza kukoki mara kumi na risasi ikabaki palepale; macho yakichoka, kidole kitakwambia. Mwisho chungulia tundu la magazini.

Kwa bastola ya silinda ni rahisi zaidi: fungua silinda, inua mtutu juu, sukuma kijiti cha kutolea maganda, kisha hesabu matundu yote yaliyo wazi. Yanaweza kuwa matano, sita, saba au manane. Jua yako ina mangapi.

Ukimpa mtu bastola, mpe ikiwa slaidi imefungwa nyuma au silinda imefunguliwa, na yeye aikague tena mbele yako. Asiyekagua usimpe.

Rafiki yangu anasema risasi zote za "tisa" zinaingiliana. Ni kweli?

Si kweli. Kuna 9x19 (upana wa risasi kwa urefu wa ganda lake, kwa milimita), ndiyo inayotumika zaidi. Kuna 9x17, fupi, inayoitwa pia .380, na kuna 9x18 ya Makarov, ambayo kichwa chake ni kinene kidogo: milimita 9.27 dhidi ya 9.01 ya 9x19. Soma maandishi ubavuni mwa mtutu, soma boksi, kisha soma kitako cha ganda. Yote matatu yakubaliane. Risasi za kujaziwa upya na mtu usiyemjua ziache.

Shikamooni. Nina watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Mume wangu huweka bastola juu ya kabati ikiwa na risasi, anasema hawafiki. Nimshauri nini?

Marahaba, dada. Mwambie kabati si kufuli. Mtoto wa miaka minne husogeza kiti, na anajua sehemu za siri za nyumba kuliko mnavyodhani. Usitegemee pia ugumu wa triga: mtoto asiye na nguvu za kidole kimoja huigeuza bastola na kusukuma triga kwa vidole gumba vyote viwili, na hapo mdomo wa mtutu unamwelekea yeye mwenyewe.

Kinachotakiwa ni bastola isiyo na risasi, ndani ya sefu iliyofungwa, na risasi kwenye boksi jingine lenye ufunguo wake. Sefu ndogo isiyofungwa na boliti kwenye sakafu au ukuta, mwizi huibeba kama mkoba, bastola ikiwa ndani. Boliti zikazwe kutokea ndani ya sefu. Kama ni ya namba, isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani. Kama inatumia betri, badilisheni betri mara moja kwa mwaka kabla haijafa, na ufunguo wa akiba usilale kwenye droo ya jikoni.

Mpaka sefu ipatikane, tumieni kufuli ya kebo. Kebo inapita kwenye dirisha la kutolea maganda na kutokea tundu la magazini, hivyo slaidi haiwezi kufunga. Kufuli ya triga hatuipendi sana: watu huivika kwenye bastola yenye risasi, na wakati wa kuiweka au kuitoa inaweza kugusa triga.

Watoto wafundisheni: usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Mafunzo hayo yanasaidia wakiwa nyumba za watu. Nyumbani kwenu kazi ni ya kufuli.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini tusilipite. Kama kuna mtu nyumbani amekata tamaa, anazungumzia kufa, au anakunywa kupita kiasi, bastola itoke kwenye nyumba hiyo kwa muda, kwa njia ambayo sheria yenu inaruhusu: polisi au muuzaji mwenye leseni. Kuhamisha kabati hadi kabati hakutoshi.

Natumia mkono wa kulia. Nikiwa mita 7, risasi zangu zote zinakwenda chini kushoto. Vilengeo vimepinda?

Mara chache sana huwa ni vilengeo. Ni wewe kuikamua triga kwa pupa ukisubiri mshindo: kiganja chote kinajifunga, mdomo unashuka na kuvutika kushoto kabla risasi haijatoka. Weka triga katikati ya nyama ya ncha ya kidole, si kwenye kiungo, na uivute taratibu moja kwa moja nyuma. Shika juu kabisa ya kishikio. Mkono wa pili uzibe nafasi iliyobaki, vidole gumba vyote vikiwa upande mmoja vikielekea mbele. Gumba likivuka nyuma ya slaidi, slaidi ikirudi italichana. Kwenye bastola ya silinda, vidole visifike penye mwanya kati ya silinda na mtutu, maana gesi ya moto hutokea hapo.

Dawa yake ni mazoezi makavu nyumbani, yaani kuvuta triga bila risasi, dakika 10 zinatosha. Toa risasi kama tulivyoeleza juu, kisha peleka risasi na magazini zenye risasi chumba kingine. Si kwenye meza ileile. Lenga upande wenye kizuizi halisi, simamisha ganda tupu au sarafu juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, vuta triga. Ikianguka, umetikisa. Bastola za .22 nyingi zisipigwe kavu bila risasi bandia, kwa sababu pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Soma kitabu chake kwanza.

Hatari kubwa iko baada ya zoezi. Umemaliza, umerudisha risasi, halafu unasema "nivute moja tu ya mwisho". Kwa hiyo sema kwa sauti "nimemaliza", ifungie, na usiiguse tena siku hiyo.

Nilivuta triga ikalia "tik" tu. Nifanye nini?

Baki umelenga shabaha, kidole nje ya triga, hesabu sekunde 30. Mara chache baruti huchelewa kuwaka. Kisha toa magazini, koki, itupe risasi hiyo nje na usiirudishe.

Linaloogopesha zaidi ni lile la pili: mlio hafifu, "puf", na mkono hausukumwi kama kawaida. Simama hapohapo. Kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Toa risasi zote, fungua bastola, utazame mtutu kutokea upande wa chemba kwa tochi. Ukikuta umeziba, peleka kwa fundi.

Niisafishe mara ngapi, na kwa mafuta gani?

Kila baada ya kupiga, na hata isipotumika ifute kila baada ya miezi michache, hasa panapo unyevu au hewa ya chumvi. Risasi zisiwepo chumbani. Baadhi ya bastola hukutaka uvute triga ndipo zifunguke. Hapo ndipo chemba ikaguliwe mara mbili, maana ajali za kusafisha ziko kwenye hatua hiyo. Mtutu: brashi ya shaba yenye dawa ya kusafishia, kutoka upande wa chemba kwenda mbele, kisha vitambaa mpaka kitoke safi. Mafuta ya bunduki ni matone machache kwenye reli za slaidi na sehemu kitabu kinapoonyesha. Yakizidi hushika vumbi na kugeuka tope, na yakifika kwenye risasi yanaweza kuiharibu isiwake. Usiihifadhi kwa muda mrefu ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hutunza unyevu na chuma kitapata kutu.

Baada ya kazi hiyo, na baada ya kutoka uwanja wa shabaha, nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula au kubeba mtoto. Moshi na masizi ya risasi yana madini ya risasi, ambayo ni sumu. Masikio nayo: mshindo wa bastola hupita desibeli 150, na mmoja tu unatosha kuyaumiza. Ndani ya jengo vaa plagi na vifuniko vya juu kwa pamoja.

Kubeba kiunoni bila ala kuna ubaya gani?

Ubaya wake ni kwamba triga iko wazi, na kitambaa cha shati, funguo au kidole chako mwenyewe vinaweza kuivuta. Ala iwe ngumu, imeshonwa au kutengenezwa kwa modeli yako, ifunike triga yote, na mdomo wake ubaki wazi bastola ikitoka. Kurudisha bastola kwenye ala ndiyo hatua ya kufanya polepole: inua shati, tazama ndani ya ala, kidole nje, ndipo uingize. Hakuna mashindano ya kurudisha.

Ikikuponyoka, iache ianguke. Bastola nyingi za kisasa zimetengenezwa zisifyatuke zikidondoka, lakini mkono unaorukia kuidaka huishika penye triga. Na ikipotea au kuibwa, toa taarifa polisi mara moja ukiwa na namba yake ya usajili. Iandike leo mahali ambapo si ndani ya sefu.